Nusu Niliyoshindwa Kulima

Mwaja, mwanangu uliyenifanya niitwe mama,

Jua halijazama bado, na wewe uko kwa shangazi yako unapakwa mafuta na kuimbiwa. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka tu kubaki peke yangu na karatasi hii niliyoiomba kwa mwalimu kule Mvumi, kabla hamjarudi na kelele zenu. Kesho gari la moshi linakuchukua mpaka Gulwe, na pale stesheni mimi sitasema kitu cha maana. Najijua. Nitakuvutavuta nguo begani, nitakuuliza kama umebeba chungu kidogo cha mafuta, kisha gari litapiga filimbi na nitabaki nimesimama na maneno yangu yote tumboni.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kuandika. Kigogo changu kinakaa vizuri mdomoni, lakini kwenye karatasi kinanikimbia. Herufi zangu unazijua. Ulizicheka tangu tulipokaa pamoja kwenye lile darasa la akina mama, wewe ukiwa umekuja kunishikia mkoba tu, na mvua iliyofuata ukawa unasoma kuliko mimi. Cheka tena, lakini soma mpaka mwisho.

Mambo ya kuamka mapema, ya kumwamkia mama mkwe wako, ya kuchota maji kabla hujaulizwa, hayo siyaandiki. Shangazi zako wanakumiminia masikioni saa hii hii. Mimi nataka kuandika juu ya kibuyu cha kunde.

Juzi nilipokupa ulikishika kwa vidole viwili. Ukasema, "Mama, kule watanicheka. Chedego ameshaongea na wenye ng'ombe. Shamba lote litageuzwa kwa plau kabla ya mvua, liwe jekundu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu mimi nije nitupe kunde katikati? Watasema binti wa Kizota anaficha magugu." Nami badala ya kukuambia nilichokuwa nacho moyoni nikakukaripia. Nikasema hujui unachosema, hujawahi kulala na njaa. Ukanijibu polepole, bila kupaza sauti, kwamba kunde za kutambaa ni kilimo cha wavivu. Ukakiweka kibuyu pale mlangoni. Tangu hapo tunasemeshana kwa adabu tu, ndiyo Mama, hapana Mama, kana kwamba tumekutana njiani tukienda sokoni. Imeniuma, Mwaja. Siku za mwisho za mtoto wangu nyumbani nimezimaliza kwa kununa.

Huyo mchumba wako Chedego nampenda, usidhani ninamsema vibaya. Kijana anatunza reli ya watu kwenye jua lile na bado akipata nafasi anamkumbuka mama yake. Amefika mpaka Kilosa, ameona mashamba ya Wadachi na plau zao, na alichofikiria kwanza ni kwamba mke wake asiumie mgongo kwa jembe. Mwanamume wa namna hiyo si wa kubezwa. Plau yenyewe inanitia wasiwasi, ndiyo, lakini zaidi naogopa ule uso wako ulipoitaja. Ule uso naujua. Niliwahi kuutembeza huku Kizota mvua tatu mfululizo.

Na hapa si mchezo. Chedego ametuambia mwenyewe, mama yake ni mjane na ghala lake halina kitu. Posho ya reli inamlisha yeye akiwa kazini, haiwalishi ninyi wawili nyumbani. Mtakula kinachotoka kwenye shamba lile moja, na baba yako alipokwenda kupeleka neno la mahari alilitazama akaniambia ni mchanga mwekundu, mwepesi, mtelemko kidogo. Yaani ni kama letu. Usipovuna, mama mkwe wako atakula nini? Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Unajua kwetu ni Bahi. Unajua pia kwamba tulikuwa watu wa chumvi, lakini sidhani kama nimewahi kukuambia ile kazi ilivyokuwa, maana ulipopata akili mama yangu alikuwa ameshazeeka na mitungi imepasuka. Kiangazi, mbuga ikikauka, tulikwenda kukwangua udongo wa juu ule mweupe na kuubeba nyumbani. Unautia kwenye kapu lililotundikwa juu ya miti mitatu, unamimina maji juu, na chini unaweka chungu. Maji yanaingia matamu, yanatoka machungu kwa chumvi. Kisha unayachemsha mpaka yakauke. Ndiyo kazi yote.

Kazi ya wasichana ilikuwa kuvunja udongo kabla haujaingia kapuni. Mama alisimama nyuma yetu na kijiti. "Vunja. Lainisha. Bonge litanificha chumvi yangu." Kweli, bonge gumu maji yanalipita pembeni, chumvi inabaki ndani. Udongo uliosagwa laini maji yanaupitia wote, hata chembe haibaki. Mikono yangu ilijifunza kazi hiyo kabla sijafunga nguo kiunoni. Nikishika udongo, vidole vyenyewe vinaanza kusaga.

Sasa fikiria msichana huyo anaolewa Kizota. Wakati huo reli hakuna, Wadachi ndio kwanza wana boma Kilimatinde, na misafara ya wapagazi inapita hapa chini ikienda na kurudi. Nikapewa shamba. Unafikiri nililima namna gani? Nililima kama mtu wa chumvi. Kiangazi chote nilichimba, jembe likizama mpaka mpini, nikavunja kila bonge kwa mikono. Mabua ya zamani niliyang'oa na kuyachoma. Majani niliyafagia, kweli niliyafagia kwa ufagio, usicheke. Bibi yako, yaani mama mkwe wangu, alipita akaniangalia, akauliza kama nataka kulala humo.

Wapagazi walikuwa wakisimama. "Mbukwa, mama. Shamba la nani hili?" Wanyamwezi wale, wamepita nchi nyingi, wanasimama kuangalia shamba langu. Baba yako alijibu kwa niaba yangu, kifua mbele. Mwaka ule uwele ulitoka mweusi kwa ukijani, ukapanda juu ya kichwa chake, na ghala likajaa mpaka tukaazima kilindo cha jirani cha kuwekea nafaka. Mwanangu, hapo ndipo niliponaswa. Laiti uwele ungeshindwa mwaka wa kwanza ningejua mapema. Lakini udongo ulionitunzia akiba tangu kabla sijaja ulinipa yote kwa mkupuo, nami nikadhani ni mikono yangu.

Mwaka wa pili ulikuwa wa kawaida. Nikasema sikuchimba vya kutosha, nikazidisha. Mwaka wa tatu mvua zilianza kwa nguvu, zile za kunyesha mchana kutwa na kuamka nazo. Uwele uliota vizuri, ukafika kwenye goti, halafu ukaanza kugeuka rangi. Majani ya chini kwanza, yakawa njano, yakakauka, kisha yale ya juu yake. Mabua yakabaki membamba. Udongo ulikuwa umelowa, wadudu hakuna, ndege walikuwa hawajafika. Nilizunguka shambani asubuhi na jioni nikiyashika majani yale, sielewi.

Basi katika kuzunguka huko nikaona kunde. Zimeota katikati ya uwele wangu, hapa shina, pale shina, mahali ambapo mimi sikupanda kitu. Nani ameingia shambani kwangu? Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja pabaya. Nikajua ni bibi yako, maana nilishamwona akipita na mbegu kwenye pindo la nguo. Na kwa kuwa uwele ulikuwa unanyauka na kunde zake zinastawi, nikasema zimetumwa kunyonya shamba langu. Nikazing'oa zote. Nikang'oa na mlenda uliokuwa unaanza kutandaa, nikauchukua wote nikautupa nje ya shamba, mbali, ng'ambo ya njia. Ardhi ikabaki nyekundu tupu. Jioni nikamwambia baba yako kwamba mama yake ni mchawi.

Aligeukia ukutani akalala. Baba yako akikasirika ndivyo alivyo, unamjua. Na tembe lenyewe unalijua, chumba na chumba kimetengwa kwa udongo na fito tu, kila neno hupenya. Asubuhi yake bibi yako alikuja na chungu cha mlenda uliopikwa, bado unatoa mvuke. Akakiweka miguuni pangu. Akasema, "Ukimaliza kula hii ya mchawi, nirudishie chungu."

Nilikula. Nilikula huku nalia, na bado nilikuwa na hasira naye. Uone jinsi moyo ulivyo mgumu. Mvua zile zilinyesha wiki nyingine juu ya ardhi yangu safi, na mavuno yakawa ya aibu. Tulikula ubuyu na mizizi miezi ile. Ule mgunga mkubwa ulio chini ya shamba, kule kwenye mtelemko, ulinenepa mwaka huo kuliko mwaka wowote. Niliuona ukinawiri nikauonea wivu, sikujiuliza umekula nini.

Halafu ukaja wewe.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa na mimba yako, na mimi sikumwambia mtu ninavyojisikia, nilichukua jembe nikaanza upande wa mgunga, kama kawaida, chini mpaka mpini. Nilitaka mwaka huo nimwonyeshe kila mtu. Nikafika nusu ya shamba. Siku moja miguu ikavimba, kizunguzungu kikanikamata, nikaanguka na jembe mkononi. Bibi yako ndiye aliyenikuta. Hakuniuliza kitu. Alilichukua jembe akalitundika juu ya paa ambako siwezi kufika na tumbo lile, akasema, "Mtoto huyu hataki kulima. Msikilize."

Nusu ya juu ikabaki vilevile. Mabua ya mwaka uliopita yamelala, majani makavu, matandu ya buibui, takataka zote. Nililala pale kitandani nikilia kwa ajili ya nusu ile. Mvua ya kwanza ilikuja na uchungu wako ulikuja karibu pamoja nayo. Bibi yako alikupokea, akakukata kitovu, akakupangusa, akakuweka kifuani kwangu, kisha akatoka kwenda shambani na fimbo. Alichomachoma mashimo tu katikati ya yale mabua, akatumbukiza uwele na kunde pamoja, akafukia kwa mguu. Baba yako alipanda ile nusu niliyokuwa nimeilima. Mimi niliyasikia haya yote kwa kuhadithiwa, nimekukumbatia, nikisema moyoni basi tena, tumekwisha.

Siku niliyotoka nje na wewe mgongoni nilikwenda kuangalia. Nusu yangu ilikuwa nzuri, Mwaja. Uwele mrefu, mistari imenyooka. Nusu ya bibi yako ilikuwa aibu tupu, uwele mfupi umejificha kwenye mlenda na kunde. Nikamwonea huruma mama wa watu. Yeye alikuwa ameinama humo, anang'oa majani yaliyokaribiana na uwele tu, na akiyang'oa anayalaza pale pale. Mengine anayaacha. Mengine anayachuma kwa ajili ya chungu.

Mvua zikakaza. Zilikuwa kubwa kama za mwaka uliotangulia. Na mimi nikiwa nimekaa na wewe unanyonya nikaona kwa macho yangu jambo lile lile, majani ya chini yakigeuka njano, upande wangu wote, mpaka kwenye mstari nilipoangukia na jembe. Hapo kwenye mstari yaliishia. Upande wa pili uwele ulikuwa umepanda juu ya mlenda, wa kijani, mnene, haujui kama kuna shida duniani. Ungeweza kusimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Tulivuna upande ule. Upande wangu tuliwapa mbuzi.

Nilimwendea bibi yako. Nilipiga magoti na kumwomba msamaha kwa neno lile, akasema ameshasahau, nami najua hakusahau, alikuwa anapenda kunikumbusha kila akikopa chungu. Nikamwuliza, mama, kwa nini ulipanda kunde shambani kwangu mwaka ule? Nilitegemea aniambie jambo kubwa. Akaniangalia. "Nilitaka kula kunde," akasema. "Shamba lako lilikuwa halina hata kitu cha kuchuma." Na kuhusu kutolima? Mgongo ulimuuma. Ndiyo siri yote ya bibi yako, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo haikuwa yeye aliyenifundisha. Nilielewa nilipokupeleka Bahi mama yangu akuone. Tulimkuta kwenye kapu zake. Kando yake kulikuwa na rundo la udongo uliokwisha chujwa, na kwa mazoea tu ya utotoni nikaokota kidogo nikauweka kwenye ulimi. Hauna ladha. Umebaki mchanga mtupu. Pembeni kulikuwa na mabonge ambayo dada zako wa ukoo hawakuyavunja, mama ameyatupa kwa hasira. Nikavunja moja nikaonja ndani. Chumvi tupu. Maji yalikuwa yamelipita.

Nilikaa chini pale pale na wewe mgongoni. Mama akauliza kama ninaumwa. Mwanangu, mimi mtu wa chumvi, niliyezaliwa chini ya kapu linalodondosha, nilichukua shamba zima nikalisaga laini, nikaliacha tupu chini ya mbingu, nikasubiri maji yamiminwe. Nguvu ya udongo ule iliyeyuka ikashuka na mvua, ikapita uwele wangu wakati mizizi yake bado ni mifupi, ikaenda chini ambako hata ningechimba kisima nisingeipata. Mgunga ndio ulioifikia. Kazi niliyoijua kuliko kazi zote niliifanya mahali pasipotakiwa, na nilijisifu.

Kitu chenyewe kinachoyeyuka sikijui jina. Nilijaribu kuuonja udongo wa shambani, hauna chumvi ya ulimi. Lakini Chedego mwenyewe, pale alipokaa uani akila, alituhadithia unga mweupe aliouona kwenye shamba la Mdachi, wanaumwaga kidogo kidogo na majani yanakuwa ya kijani kizito. Akasema ukipigwa na mvua unayeyuka hauonekani tena. Wewe ulikuwa unamtazama yeye, hukusikiliza. Mimi nilisikiliza. Muulize siku moja, kwa upole, mkiwa mnacheka: unga ule ukishayeyuka, na mvua ikinyesha siku nzima, na hapo chini hakuna mzizi wa kuudaka, unakwenda wapi? Mwache ajibu mwenyewe. Yeye si mjinga.

Mlenda unaudaka. Ndivyo ninavyoona mimi. Unaota na mvua ya kwanza, kabla uwele haujajua uko wapi, unatandaza mizizi na kukishika kile kitu kwenye majani. Ukiung'oa ukaulaza pale pale, unaoza na kukirudisha polepole wakati uwele unakihitaji. Kunde nazo hivyo hivyo, na kunde nadhani zinaongeza na kitu chao wenyewe, maana palipokaa kunde mwaka huu, mwakani uwele hupapenda. Ndiyo maana mwaka ule nilipoyang'oa majani na kuyatupa ng'ambo ya njia nilifanya ubaya mara mbili.

Nisikudanganye kwamba tangu hapo nimekuwa mjuzi. Kuna mwaka ulikuwa na mvua chache, nawe ulikuwa umeshaanza kuamia ndege wasile uwele, utakumbuka. Mimi kwa furaha ya kunde zangu nilizipanda kwa kubanana, zikajaa, na mvua ilipokatika zikanywa maji yote na uwele ukakauka umesimama. Baba yako hakuninunia mwaka ule, aliniambia tu, "Sasa umegeuka mama yangu kupita mama yangu." Kwa hiyo si kila mwaka sawasawa. Mvua ikichelewa, punguza, kata zile za katikati uzilaze. Udongo mzito wa mbugani nao sijui ungesemaje, mimi sijawahi kuishi nao. Ninaujua mchanga mwekundu tu, na wako ni mchanga mwekundu.

Kitu kimoja zaidi, nawe usikasirike. Utakapogeuza shamba lile kwa plau, mwaka wa kwanza utavuna. Utavuna sana. Watu wa reli watasimama kuliangalia. Utasema mama yangu ni mzee, ana mambo yake ya Bahi. Siku hiyo furahi, mwanangu, shiba, mpe mama mkwe wako ashibe. Lakini usiamini. Mimi nilisifiwa mwaka wa kwanza na sifa ile ikanila miaka miwili.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia kwa sababu nilikuwa naona haya.

Unajua ile sehemu ya juu ya shamba letu tunaiita Kwa Mwaja. Wewe umekua ukidhani ni kwa sababu ulikuwa unakaa kule kufukuza ndege, na nimekusikia ukiwahadithia wenzako hivyo, nami nikanyamaza. Jina hilo ni la kabla hujajua hata kutambaa. Alilitoa bibi yako. Ulikuwa mchanga, nimekubeba, akaniambia, "Haya, twende kwa Mwaja tukachume kunde." Nikauliza, kwa Mwaja wapi? Akanyoosha fimbo kwenye nusu ile niliyoshindwa kulima. Akasema, "Si yeye aliyeiponya na jembe lako?"

Mwaka ule tulikula kwa sababu yako. Hukuwa umezaliwa na tayari ulikuwa umeninyang'anya jembe mkononi. Nilikulilia, Mwaja. Nikiwa nimelala na miguu imevimba nilikulaumu wewe tumboni kwamba umekuja wakati mbaya, umeniharibia shamba, ungesubiri kidogo. Hilo ndilo ninaloona haya. Maziwa niliyokunyonyesha yalitoka kwenye ile nusu, na baba yako asingepona kiangazi kile bila ile nusu, na mimi nilikuwa nimekuita balaa.

Kwa hiyo sikuombi shamba zima. Mume wako atakulimia kwa upendo na wewe huwezi kumkatalia zawadi yake ya kwanza mbele ya watu. Mwache ageuze. Mwombe tu aache nusu, ya juu ikiwezekana, na mabua yake yalivyo. Mwambie ni desturi ya kwenu, mwambie mama yako ni mkaidi, mwambie lolote. Mama mkwe wako atakupa fimbo ya kuchomea mashimo. Watakucheka mvua ya kwanza. Vumilia, wakicheka cheka nao. Mvua zikikaza, nenda kasimame kwenye mstari, mguu mmoja huku na mmoja kule, uangalie majani ya chini.

Na kama nimekosea, kama mchanga wa Gulwe una tabia nyingine, ulime wote na uniandikie, nami sitaona vibaya. Ninachotaka ni wewe ule ushibe.

Kile kibuyu ulichokiacha mlangoni bado kipo, umekiona leo asubuhi ukipita ukajifanya hukioni. Ndani yake kuna majivu tu ya kuhifadhia mbegu. Kunde nimezihamishia kwenye kile chungu chako kidogo, chini, na juu nimeweka barua hii, na juu ya barua kitambaa, na juu ya kitambaa mafuta yako kwenye pembe. Nilijua mafuta utayatafuta siku ya kwanza. Kwa hiyo ukisoma hapa, mikono yako ina mafuta na kunde ziko chini ya vidole vyako, nawe unasema, "Mama huyu!" Sema tu. Nisamehe kwa kununa.

Nasikia nyimbo zinashuka njiani, mnarudi. Sauti yako naitambua katikati ya zote. Nafunga, nakuja mlangoni kukupokea, na juu ya kunde sitatamka neno.

Mimi mama yako, wa Kwa Mwaja.